Studio ya bure kwa mwanafunzi wa sauti: twende au tusiende?

“Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni bendi ya watu watano: dramu, besi, magitaa mawili, na mwimbaji ambaye pia anapiga kinanda. Tuko pamoja mwaka wa tatu sasa, tunapiga kwenye kumbi na harusi, na tuna nyimbo sita zetu wenyewe ambazo hatujawahi kuzirekodi kwa sababu gharama za studio zinatushinda. Juzi baada ya onyesho alitufuata mwanafunzi wa chuo cha uhandisi wa sauti, akasema anatafuta bendi ya kurekodi kwa ajili ya mtihani wake wa vitendo, bure kabisa. Tumegawanyika. Mpiga solo anasema nyimbo zetu zitaharibiwa na mtu anayejifunzia kwetu. Mpiga besi anasema cha bure hakuna, nyimbo zitakuwa mali ya chuo. Mimi natamani twende turekodi zote sita siku hiyohiyo, tutoe albamu. Nani yuko sahihi? Tujiandaeje? Na je, huyo kijana tumlipe chochote?”

Karibu, ndugu yangu, na wape salamu wenzako. Jibu la haraka ni hili: nendeni. Ila nendeni na wimbo mmoja, ukizidi sana miwili, na kabla maiki ya kwanza haijasimikwa muwe mmeshaandikiana mambo mawili: rekodi itakuwa ya nani, na faili ghafi, yaani sauti ya kila chombo peke yake kama ilivyonaswa, mtaondoka nazo lini. Mpiga solo wenu ana nusu ya hoja. Mpiga besi ana zaidi ya nusu, ingawa hofu yake ameielekeza pasipo. Wewe wa nyimbo sita kwa siku ndiye uliyepotea mbali zaidi, na nitaanza na wewe.

Nimekaa pande zote mbili za kile kioo cha studio. Nilikuwa mwanafunzi anayezunguka kwenye maonyesho akibembeleza bendi zije zirekodiwe, na miaka ya baadaye nikawa yule anayesahihisha kazi za wanafunzi kama huyo aliyewafuata. Najua ombi hili linatoka wapi. Mwanafunzi wa sauti anaweza kupewa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa akajifunzia kuzichanganya, lakini hakuna faili litakalomfundisha maiki ya dramu ikae wapi wakati pedali inalia kwikwi, au amwambie nini mwimbaji aliyekosea mstari uleule mara ya tano na machozi yanamlengalenga. Hayo yanataka watu hai. Chuo kina chumba na mitambo. Kinachopungua ni bendi. Ninyi mtakuwa daftari lake la mazoezi, na hapo ndipo penye bei ya hicho mnachoitiwa bure.

Sasa saa zenyewe. Studio za chuo hugawanywa kwa zamu, na zamu anazoachiwa mwanafunzi mara nyingi ni za usiku au za mwisho wa wiki, wakati walimu na madarasa hawazihitaji. Tuseme amepata zamu ya muda wa saa nne. Seti moja ya dramu ikirekodiwa kwa kawaida hula maiki nane hivi: ya dramu kubwa ya mguu, ya snea (ile dramu ndogo inayolia kwa ukali), ya matoazi madogo, mbili au tatu za matamu (dramu za kati), na mbili za juu zinazosikia seti nzima. Fundi mzoefu huzipanga zote na kuzijaribu kabla saa haijaisha. Mwanafunzi atatumia saa mbili, kwa sababu atakosea waya mmoja, atautafuta, atasogeza maiki, atarudi kusikiliza, atasogeza tena. Bado hajaweka besi, magitaa, kinanda, wala hajampa kila mmoja wenu sauti anayoitaka kwenye hedifoni, na hapo ndipo ugomvi wa bendi huanzia. Mtabaki na saa moja na nusu ya kupiga. Wimbo wa dakika nne, ukiongeza kujiweka sawa na kwenda kusikiliza mlichopiga, unameza dakika kumi au kumi na mbili kila mkirudia. Hesabu mwenyewe: mnaupiga mara nane, basi. Hizo zinatosha kupata wimbo mmoja mzuri. Ukizigawa kwa nyimbo sita, mtatoka na mazoezi sita yaliyorekodiwa kwa maiki za bei mbaya.

Najua kuna mtu kwenye bendi atasema mbona The Beatles walirekodi nyimbo kumi siku moja. Ni kweli, tarehe 11 Februari 1963, London. Lakini walikuwa wametoka kupiga jukwaani usiku baada ya usiku hadi vidole vinajua njia, mashine ya kurekodia ilikuwa na treki mbili tu, yaani njia mbili za kunasia sauti, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kuamua, na aliyekaa kwenye mitambo alikuwa fundi wa kuajiriwa, hakuwa mtu anayesubiri maksi.

Tuje kwa mpiga solo. Anaogopa kuharibiwa, na si hofu ya kijinga. Ila tuelewane kwanza sauti ya rekodi inatoka wapi. Inatoka kwa mpigaji na namna anavyogusa chombo chake. Halafu chombo chenyewe, halafu chumba, halafu mahali maiki ilipowekwa. Aina ya mitambo inafuata baada ya hapo, na ustadi wa kuchanganya unakuja mwisho. Katika mlolongo huo, mwanafunzi anawaletea chumba na mitambo ambavyo pengine msingeweza kuvilipia. Upungufu wake uko kwenye maiki na kwenye kuchanganya. Kuchanganya kunarekebishika. Kuna makosa mawili tu ya wakati wa kurekodi ambayo nitawaomba muyajue, kwa sababu hayo hayaponi kirahisi.

La kwanza ni mawimbi kufutana. Sauti hewani huenda takriban mita 343 kwa sekunde, maana yake kila sentimita 34 inazotembea zinakula sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maiki mbili za juu ya dramu zote zinaisikia snea. Moja ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 34, sauti ileile inafika kwake ikiwa imechelewa kwa hiyo sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukizichanganya, mahali wimbi moja linapanda lingine linashuka, na linalobaki ni kimya. Kwa ucheleweshaji wa kiasi hicho, sauti zinazokufa kwanza ni zile za karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), pale katikati kabisa. Mnasikia dramu iliyokuwa na kifua inalia kama kopo tupu, na hakuna anayejua kwa nini. Watu huongeza besi, huongeza mwangwi, kopo linabaki kopo. Baadaye inawezekana kusogeza faili moja nyuma kidogo, lakini ukiisogeza ili snea ikae sawa, matamu yanaweza kuharibika. Dawa ni kamba. Ukimwona mwanafunzi anapima kwa kamba kutoka katikati ya snea hadi kwenye kila maiki ya juu, kaa utulie, huyo amefundishwa. Asipopima, mwombeni kwa upole azichanganye zote ziwe sauti moja ya katikati, asikilize, halafu abonyeze kile kitufe cha kugeuza wimbi kwenye maiki moja. Upande wenye uzito zaidi ndio wa kubaki nao.

La pili ni kurekodi kwa sauti kubwa mno. Enzi za kanda, sauti ikizidi ilikuwa inalainika, na wengine waliipenda hivyo. Kwenye kompyuta kuna dari, desibeli sifuri (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sauti ikiligonga inakatwa kichwa. Ule mkwaruzo hautoki. Wala hakuna sababu ya kusogea karibu na dari hilo: rekodi ya biti 24 ina nafasi, kwa hesabu, ya takriban desibeli 144 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo wastani ukikaa maeneo ya desibeli -18 na vilele visipite -6, hakuna mtu atakayepoteza kitu. Kuna hila moja ya kizamani hapa. Mpiga dramu akiambiwa “piga tupime sauti”, hupiga kama anayebisha hodi. Wimbo ukianza, hupiga kama anayevunja mlango. Mwambieni apime kwa nguvu za kiitikio cha mwisho.

Na sasa naomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine zote, maana hapa ndipo bendi hupoteza kila kitu. Mkitoka mle ndani, mali yenu ni faili ghafi: kila treki peke yake, kama ilivyoingia, bila mwangwi wala kupambwa. Miksi aliyoitengeneza mwanafunzi, yaani treki zote zikiwa zimechanganywa kuwa wimbo mmoja, ni nyongeza tu. Ikiwa mbaya lakini treki ni safi, mtu mwingine anaweza kuirudia mwakani au baada ya miaka kumi. Miksi nzuri isiyo na treki nyuma yake imeganda. Hamuwezi hata kumshusha mpiga kinanda kidogo. Kwa hiyo ombeni faili za WAV, biti 24, kwa kasi ileile mliyorekodia, iwe vipimo vya sauti 44,100 au 48,000 kwa sekunde, zote zikianzia nukta moja hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, na kila moja ikiwa na jina linaloeleweka. “Sauti_07_mpya_mwisho_2” halimsaidii mtu.

Nendeni na diski yenu wenyewe. Treki moja kwa kiwango cha 48,000 inachukua takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Treki kumi na sita za wimbo unaokaribia dakika tano ni karibu megabaiti 690 kwa kila mkipiga, na mkipiga mara nane mmeshapita gigabaiti tano. Hiyo haitumwi kwa simu usiku wa manane. Inanakiliwa kabla taa hazijazimwa, na kesho yake inanakiliwa tena mahali pa pili.

Mbona nasisitiza hivyo? Mwaka wangu wa pili nilirekodi bendi moja usiku kucha, kazi tamu, na nikawaahidi kuimalizia likizo ikiisha. Chuo kilifunga muhula, kompyuta za studio zikafutwa kama ilivyokuwa desturi, na mimi nilikuwa nimeacha kila kitu humo humo. Niliporudi, hapakuwa na hata snea. Mwimbaji wao alikuwa ameshahama bendi, kwa hiyo kurudia hakukuwezekana. Mpaka leo nikikutana na mpiga dramu wao tunasalimiana kwa adabu tu.

Mpiga besi anauliza nyimbo zitakuwa za nani. Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na kuna rekodi, yaani ule upigaji mmoja ulionaswa siku hiyo. Utunzi ni wenu na unabaki wenu. Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, unasema haki hiyo haitegemei hata kusajiliwa. Hakuna mwanafunzi anayegeuka mtunzi kwa kubonyeza kitufe. Rekodi ndiyo yenye utata. Mkataba wa WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) wa mwaka 1996 kuhusu wasanii na rekodi za sauti unamtambua mtayarishaji kuwa ni yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la kunasa sauti kwa mara ya kwanza. Sasa, nani alianzisha? Mwanafunzi aliyewafuata baada ya onyesho? Chuo chenye mitambo? Ninyi mliokubali? Ukimuuliza kila mmoja atajinyooshea kidole, na kila mmoja atakuwa na sababu. Juu ya hilo, kuna vyuo vyenye kanuni kwamba kinachorekodiwa na wanafunzi kisiuzwe, au kisitoke kabla ya matokeo ya mtihani.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wa karatasi. Andikeni majina yenu, jina la wimbo na tarehe. Andikeni kwamba utunzi ni wa waliotajwa, haki za rekodi ni za bendi, mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia kwa mtihani na kuonyesha kazi zake, chuo kinaruhusiwa kuipiga darasani, na hakuna atakayeitoa hadharani kabla bendi haijakubali. Ongezeni ule mstari wa faili ghafi kukabidhiwa siku hiyohiyo. Wote wasaini, na mwombeni mwanafunzi awaletee kanuni za chuo zilizoandikwa, maana ahadi yake haiwezi kupindua kanuni za mwenye jengo. Kama chuo kina fomu yake, isomeni hadi mstari wa mwisho. Mkikuta maneno kama “kukabidhi haki zote”, au asilimia ya mapato, au ruhusa isiyo na mwisho ya kuitumia kibiashara, wekeni kalamu chini. Hapo ushauri wa mtu kama mimi kupitia maandishi hautoshi. Ipelekeni fomu kwa wakili anayejua hakimiliki, au kwenye ofisi ya hakimiliki, mkae naye ana kwa ana.

Na kwa kuwa tumeshagusa hapo: ninyi watano mmeshakubaliana nani alitunga nini? Nimeona bendi zikivunjika kwa swali hilo kuliko zilizowahi kuibiwa na mwanafunzi. Limalizeni kabla ya siku ya studio.

Kuhusu maandalizi, chagueni wimbo mnaoupiga vizuri kuliko yote. Usiwe ule mpya mnaoupenda wiki hii. Wekeni simu katikati ya chumba cha mazoezi, urekodini hivyohivyo, kisha kila mmoja ausikilize akiwa peke yake. Simu haina huruma. Mtasikia kwamba ubeti wa pili unakimbia, kwamba magitaa mawili yanapiga kitu kilekile mahali palepale, kwamba mwisho wa wimbo kila mtu anaujua kivyake. Hayo yote yanatatuliwa bure mazoezini, kwa sababu huko hakuna zamu inayokimbia.

Amueni mapema kuhusu kliki. Kupiga huku ukisikia metronomu, ile inayogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, kwenye hedifoni kunasaidia sana mkitaka kuongeza vyombo baadaye au kukata na kuunganisha vipande, lakini ni ustadi wa peke yake. Mpiga dramu ambaye hajawahi, akiwekewa kliki siku ya studio, atapiga kama mtu anayevuka barabara akiangalia saa. Mpeni wiki tatu za kuizoea. Isipomkaa, iacheni kabisa. Kuna muziki unaopumua, unaongeza mwendo kidogo kwenye kiitikio na kurudi, na kuufunga kwa metronomu ni kuunyonga. Mwanafunzi anaweza kung’ang’ania kliki kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mwambieni mapema, asishtuke.

Vyombo ndivyo vinavyodharauliwa. Ngozi za dramu zilizochoka hazina maiki ya kuziokoa: badilisheni angalau ya snea, siku chache kabla ili itulie, na tyuni seti nzima. Mafuta kwenye pedali. Nyuzi mpya za gitaa siku moja au mbili kabla, si asubuhi ile, kwani nyuzi mpya huteleza kutoka kwenye tyuni. Besi msiiguse kama mnaipenda sauti yake ilivyo. Gitaa likiwa sawa kwenye uzi mtupu lakini likapotoka ukifika freti ya kumi na mbili (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni), lipelekeni kwa fundi wa magitaa, hilo si la kurekebishana kwa kubahatisha. Waya zinazokwaruza zibaki nyumbani. Na mwenye kinanda, pamoja na sauti, aombe irekodiwe midi pia, yaani taarifa ya vitufe alivyobonyeza. Ni faili dogo mno, na likiwepo mtaweza kubadili sauti ya kinanda baadaye bila kupiga upya.

Mwimbaji asipange kuimba ya mwisho usiku ule. Aimbe ya mwongozo ili wenzake wajue walipo, halafu ombeni zamu nyingine fupi kwa ajili ya sauti peke yake. Kumtegemea mtu aimbe vizuri saa ya nne baada ya kupiga kinanda na kubishana kuhusu hedifoni ni kumwonea.

Mtauliza kama mpige pamoja au mmoja mmoja. Kwa bendi ya jukwaani kama yenu, dramu, besi na angalau gitaa moja zipigwe pamoja, mkionana macho, huku amplifaya zikiwa chumba kingine au nyuma ya kizuizi ili sauti zisivujie kwenye maiki za dramu. Kuvuja kidogo hakuui mtu. Kunakoua ni solo iliyokosewa iliyovuja kwenye maiki nane: hata mkiifuta kwenye treki yake, mzuka wake unabaki kwenye matoazi. Kwa hiyo solo iwekwe baadaye. Mpiga solo atafurahi, ana sababu ya kurudi.

Kabla ya kumkubalia kijana, mwombeni awasikilizishe kazi mbili alizorekodi mwenyewe, na muulizeni amewahi kurekodi dramu za kupigwa na mtu mara ngapi. Akisema hajawahi, msimfukuze. Muulizeni kama kutakuwa na mwalimu au fundi wa chuo jengoni usiku huo. Yupo? Nendeni. Hayupo, na kijana hajawahi? Nendeni na wimbo ambao hata ukipotea hamtalia. Muulizeni vilevile mtihani wake unadai nini hasa. Kuna mitihani inayotaka bendi nzima inaswe kwa mara moja, kuna inayotaka vyombo viongezwe kimoja kimoja, na kuna inayotaka maiki zipangwe kwa namna fulani ya kitabuni. Mkijua, hamtagombana katikati ya kazi. Akitaka kujaribu jambo la ajabu, mpeni mpigo mmoja wa kwake na ninyi mchukue mipigo iliyobaki. Na mchagueni mmoja wenu wa kuongea naye. Sauti tano zinazotoa amri kwa wakati mmoja zingemchanganya hata mkongwe.

Kuna hali ambayo ningewaambia msiende. Mkiwa na tarehe: tamasha limewataka mtume wimbo, redio inasubiri, mtu wa kampuni ya muziki amewapa wiki mbili. Mwanafunzi hana tarehe yenu, ana tarehe ya mtihani, na akishapata maksi miksi yenu inashuka hadi chini ya orodha yake. Wakati huo lipieni studio ya siku moja, hata kwa wimbo mmoja, mkijua kwamba mnanunua uhakika. Kurekodi nyumbani nako si kubaya kwa sauti, magitaa na kinanda. Maiki moja ya heshima, kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, na chumba chenye mapazia na magodoro kinafika mbali. Nyumbani kunashindwa kwenye dramu, ambazo zinataka maiki nyingi, dari la juu na majirani wavumilivu. Kwa hiyo mimi, ningekuwa ninyi, dramu na besi ningezirekodia chuoni, vingine ningevimalizia nyumbani kwa utulivu, ningemwacha mwanafunzi atengeneze miksi ya kwanza kwa ajili ya mtihani wake, na pesa kidogo iliyopo ningempa mtu mzoefu aichanganye upya au aifanyie masta, yaani kuisawazisha miksi kwa mara ya mwisho kabla haijatoka. Masta ifanywe na masikio mengine, si ya aliyeukesha wimbo.

Miksi ikija, msimwandikie “haina moto”. Mwandikieni “dakika ya 1:12 gitaa la pili limefunika sauti”. Kubalianeni mtarudishiana mara mbili, si mara ishirini. Wala msimsukume aifanye iwe na kelele kuliko zote. Spotify, kwa mfano, husawazisha nyimbo hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo kilichobanwa mpaka kikakosa pumzi kinashushwa tu, na kinabaki kimebanwa. Hedifoni nazo mzishushe. Masikio yakivuma baada ya kazi na kesho yake hayajaacha, muoneni daktari, msisubiri yazoee.

Malipo, basi. Kwa kazi ya mtihani msimpe pesa kabla hajajua kanuni za chuo chake, maana pengine hazimruhusu kupokea. Mpeni chakula, kwa sababu mwanafunzi wa zamu ya usiku mara nyingi hajala, na msimwache atafute usafiri peke yake saa nane za usiku. Fikeni kwa wakati. Nimeona mtu akifeli kwa sababu bendi ilikuja imechelewa saa mbili ikicheka. Mtihani ukishapita, mkimwomba aendelee kuchanganya wimbo mtakaouuza, hiyo ni kazi kama kazi nyingine na ina bei, elewaneni kabla. Na popote wimbo utakapotoka, jina lake liwepo kama fundi aliyerekodi. Muulizeni anavyoliandika, herufi kwa herufi, usiku uleule kabla hajafunga mlango wa studio.